Ombi Lililovaa Tai

Barua mbili za chuo kikuu zilifika soko la Tawa siku moja, na Mutindi, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa juu ya bahasha, alikuwa mtu wa saba kuzisoma. Wa kwanza alikuwa Abubakar mwenye duka, kwa kuwa sanduku la posta lilikuwa lake, naye aliona haki ya mwenye sanduku ni kujua kilichomo. Wa pili alikuwa mpwa wake aliyewahi kufika kidato cha pili huko Mombasa. Wale wanne wengine walikuja tu kununua sukari robo. Bahasha zenyewe zilikuwa zimefunguliwa kwa heshima zote, kwa kisu cha kukatia sabuni.

"Hongera, mwanangu," Abubakar alimwambia alipofika saa nane mchana. "Umeitwa kote kuwili. Nairobi wamekuita kwa karatasi nyembamba, India wamekuita kwa karatasi nene yenye picha. Ningekuwa mimi, ningekwenda kwenye picha."

Picha ilikuwa ya jengo jeupe, na mbele ya jengo kulikuwa na tausi amesimama kwenye nyasi. Watu wa sukari walikuwa wamemjadili tausi kwa kirefu. Chuo hawakukijadili sana.

Mbuvi, baba yake Mutindi, alikuwepo pale pale barazani, kwenye cherehani yake, akiunga kola ya sare ya shule. Alikuwa mzee wa kanisa kwa mwaka wa kumi na moja, mtu ambaye hajawahi kubishana na serikali, nayo serikali kwa upande wake haijawahi kugundua kwamba yupo. Kiingereza hakukijua, lakini barua alikuwa amezishika zote mbili, akazilinganisha uzito.

"Hii ya India ni sayansi," alisema. "Abubakar amenisomea. Sayansi ni sayansi. Mimi sijasikia mtu wa sayansi analala njaa."

"Baba, si sayansi ya dawa. Ni Sayansi ya Siasa."

Cherehani ilinyamaza. Mwaka huo ulikuwa wa tisini na mbili, vyama vingi vimeruhusiwa, na kila mwanamume mwenye koti alikuwa anagombea kiti fulani. Hata hivyo, kwa Mbuvi, siasa lilikuwa bado ni neno la kusemwa baada ya kuangalia ni nani amesimama mlangoni. Akaangalia. Alikuwa ni mbuzi wa Abubakar.

"Na hii ya Nairobi?"

"Ni kozi ile ile. Ila Nairobi wanaiita Serikali."

"Itakuwaje ile ile? Siasa ni kitu ya kufungwa, serikali ndio inafunga."

Mutindi alikuwa na miaka kumi na tisa na alama nzuri kuliko mtoto yeyote aliyewahi kutoka kijijini kwao. Akasema tu kwamba yeye anataka Nairobi.

"Kimefungwa," Abubakar akakumbusha kutoka ndani. "Hicho chuo chako wanafunzi walirusha mawe, wakarudishwa makwao. Hapa wameandika tarehe ya kufungua itatangazwa."

"Kitafunguliwa. Nairobi ndiko waliko wale wa kuombwa. Nikisoma miaka yote India nikajua milango ya huko, nitakuja kumwomba nani hapa?"

"Kuomba nini?" Mbuvi akauliza. "Mtu anasoma mpaka chuo kikuu ndio aende kuomba? Ukimaliza utaandikwa kazi gani?"

"Lobi."

"Loli?" Kwa Mkamba lori ni loli, na Mbuvi alikuwa amewaona madereva wa loli pale Mtito Andei, wanavyokula na wanavyolala. "Mtoto wangu msichana kwenye loli?"

"Lobi, baba. Mwalimu Nzioka alitufundisha. Kuna watu wana shida, kama sisi na pampu, na hawajui waende kwa nani, waseme maneno gani. Mtu wa lobi anajua mlango, anajua saa ya kuingia, anajua vile wakubwa wanataka kuambiwa. Anaingia, anawasemea. Nchi zingine analipwa kwa hiyo."

"Hiyo si ni kuomba tu?"

Abubakar alitoa kichwa dirishani. Watu wake walitoka pwani tangu enzi za babu yake, na alipenda kuwatengenezea Wakamba maneno.

"Hapana, Mzee Mbuvi. Ombi ni lenu, nyinyi wa kupiga magoti. Lobi ni ombi lililovaa tai."

Mbuvi alilitafakari hilo huku akivuta uzi. Tai alikuwa nayo moja, ya Jumapili.

Karatasi nyembamba ilikuwa imeambatana na fomu ya mkopo wa serikali. Bila mkopo, Nairobi ilikuwa mbali kuliko India, na bila mhuri na sahihi ya chifu hakuna mkopo. Fomu ilitakiwa ifikishwe Nairobi kwa mkono kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Siku tisa.

*

Nyumbani kwao kulikuwa mwendo wa saa moja kutoka sokoni, na njiani mtu alipita pampu. Ilikuwa pampu ya mkono, iliyowekwa na wageni wa kanisa waliopiga nayo picha nyingi. Ilitoa maji miaka sita, kisha mpini ukakatika na bomba la ndani likatumbukia. Miezi kumi na minne sasa. Ofisa wa maji alikuwa tayari kuja kesho yake kama angepata barua ya D.O., ofisa wa serikali aliye juu ya chifu. Naye D.O. alikuwa tayari kuandika barua kama angepata barua ya chifu. Chifu Kisilu hakuwa na ubaya na mtu, ila alikuwa na kazi nyingi.

Kwa hiyo wanawake walikwenda mto Thwake, wakafukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye kwenye shimo, wakarudi na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Saa nne kwenda na kurudi. Ndila, mama yake Mutindi, alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao, Wendo, na Mutindi alikuwa mwandishi wa kikundi. Barua ya kwenda kwa chifu aliiandika yeye, kwa Kiingereza, kurasa tatu, na alipowasomea akina mama hawakuelewa neno hata moja, wakaipenda sana.

"Sasa wakikufundisha hiyo lobi," Mbinya alimwuliza jioni ile wakiwa wanafukua mchanga; Mbinya ni jirani yao, mwanamke mwenye ulimi, "si utaingia kwa huyo Kisilu umwambie?"

"Nitaingia. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hata kwa D.O.?"

"Hata Nairobi, mama. Kwa waziri."

"Mimi waziri sina haja naye," Mbinya alisema. "Niambie Kisilu tu."

Ndila, siku ile, alibeba mtungi kama vile umejaa pamba. Alikuwa amejifungua watoto sita na ni huyu mmoja aliyewahi kusema kwamba ataingia mahali.

*

Jumamosi akaja Mulei. Mulei alikuwa na maduka ya misumari na saruji huko Machakos, alikuwa na tumbo la kutosha, na sasa alikuwa mgombea kwa chama kipya kilichokuja kuleta mabadiliko. Alisikia habari za tausi. Akaja na gari mpaka mlangoni, akala kuku ambaye Ndila alikuwa amemwekea Krismasi, akanawa, ndipo akaanza.

"Mzee, hii mambo ya Nairobi achana nayo. Huko watoto wanafundishwa kurusha mawe. Mtoto huyu ataenda India. Mimi nitafanya harambee uwanja wa mpira, nilete wakubwa wachange, na siku hiyo hiyo tiketi ya ndege itanunuliwa."

"Mheshimiwa," Mbuvi alisema, na Mulei hakumsahihisha, ingawa kura zilikuwa bado miezi miwili. "Sisi tutakurudishia nini?"

"Nyinyi? Nyinyi ni watu wangu. Huyu msichana atasimama na mimi kwenye jukwaa tu, watu waone mimi nasomesha. Na wewe ni fundi. Nina kitambaa ya manjano kwa gari, rangi ya chama. Nishonee kofia mia mbili. Pesa usiniambie, hiyo ni sapoti."

"Kofia mia mbili bure?" Ndila aliuliza.

Mbuvi alimkazia macho. Mulei akacheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto.

"Mama, tiketi ya India unajua ni pesa ngapi?"

Ndila hakujua. Lakini Mutindi, aliyekuwa anaondoa sahani, alisimama.

"Mheshimiwa, na pampu?"

"Pampu gani?"

"Yetu. Tumeandika barua kwa chifu mwaka jana."

"Ah," Mulei alisema, na uso wake ukapata huzuni ya kutosha. "Hiyo ndiyo serikali tunataka kuondoa. Nitaiweka kwenye hotuba."

Na kweli aliiweka. Jumapili baada ya ibada, sokoni, alisema kuna kina mama wanachota maji kama ng'ombe na kuna chifu analala, na Mutindi alikuwa jukwaani nyuma yake amevaa kofia ya kwanza, imembana. Watu walipiga makofi. Chifu hakuwepo, lakini masikio yake yalikuwepo, manne au matano.

Mbuvi alishona. Sare za shule ziliwekwa kando, wazazi wakaanza kununa, na kofia za manjano zikatundikwa kwenye waya barazani kwa Abubakar kuanzia mlango mpaka nguzo. Kila aliyepita barabarani aliziona. Mbuvi mwenyewe aliona ni nguo tu. Mzee wa kanisa hafanyi siasa, alisema, anashona.

Ndila ndiye aliyemwambia Jumatatu usiku waendelee kushika na ile ya Nairobi, maana mtu akipanda mahindi peke yake bila kunde huwa anajuta, na tiketi ya India bado hawajaiona.

*

Basi Jumanne Mbuvi alivaa tai akaenda kwa chifu na fomu ndani ya mfuko wa karatasi.

Pale kwa chifu palikuwa na mabenchi mawili. Hakuna aliyewahi kutangaza sheria yake, lakini kila mtu aliijua. Benchi moja lilikuwa chini ya veranda, kivulini: hilo ni la watu wa karatasi, wanaotaka mhuri. La pili lilikuwa nje, juani: hilo ni la watu wa shida. Askari alitoka, akauliza nani ana karatasi, na mpaka karatasi ziishe shida zilingoja. Karatasi haziishi. Mbuvi alishukuru Mungu kwamba yeye siku hiyo ni mtu wa karatasi.

Chifu Kisilu alikuwa ameweka miguu juu ya meza. Hakuishusha.

"Fundi," alisema. "Nasikia kazi ni nyingi."

"Ni kidogo kidogo tu, Bwana Chifu."

"Mia mbili ni kidogo?"

Mbuvi alivua kofia yake mwenyewe, ya kawaida, akaishika mbele ya tumbo. Akaeleza kwamba kitambaa kililetwa, yeye hakukiomba. Kwamba fundi haulizi rangi. Kwamba mtoto amepata nafasi.

"Nafasi ya kusomea nini?"

Hapo ndipo Mbuvi alipoharibu. Alikuwa na majina mawili kichwani, na kwa hofu akashika lile lisilofaa.

"Siasa, Bwana Chifu. Lakini iko na sayansi ndani."

Chifu alihesabu kwa vidole. 

"Mulei ananitukana sokoni Jumapili, mtoto wako amesimama nyuma yake anapiga makofi, na Jumanne wewe unaniletea siasa niipigie mhuri. Mzee wa kanisa, wewe unaniona aje?"

"Sikukuona vibaya, Bwana Chifu."

"Hata vizuri hukuniona," chifu alisema, na askari mlangoni akacheka, maana kila mtu anajua kumwona mkubwa ni kuja na kitu mkononi. Mbuvi alikuwa amekuja na tai.

Alirudi njia ya nyuma ili asipite sokoni. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba chifu yuko na kazi nyingi, akaketi nyuma ya nyumba akifungua fundo la tai, ambalo lilikataa kufunguka. Ndila ndiye aliyelifungua. Mutindi alitazama kutoka mlangoni, akaona haya kubwa juu yake mwenyewe, na juu ya ile kofia iliyombana.

*

Walikuwa bado na India, mtasema. Jumatano asubuhi redio ya Abubakar ilitangaza kwamba Bwana Mulei, baada ya kushauriana na wazee, vijana, akina mama na dhamiri yake, amerudi kwenye chama cha zamani pamoja na wafuasi wake wote. Wafuasi wenyewe walisikia habari hiyo pamoja na watu wengine. Chama cha zamani ndicho cha serikali, na cha chifu.

Mbuvi alisimamisha cherehani kwenye kofia ya mia na themanini na nne.

Mulei alipita saa sita mchana, madirisha ya gari yamefunguliwa, na kando yake ameketi Chifu Kisilu, wanacheka. Gari lilisimama dakika moja barazani.

"Mheshimiwa," Mbuvi alisema, "na hizi?"

"Kofia gani hizo?" Mulei aliuliza. "Toa hiyo takataka, mzee, utajiletea shida."

"Na harambee ya mtoto?"

"Tutapanga. Baada ya uchaguzi tutapanga."

 Chifu alikuwa anazihesabu kofia kwa macho. Gari lilipoondoka Abubakar alitoka akasaidia kuzishusha. Alichukua ishirini, akasema atafungia nazo mayai.

Tausi alibaki ukutani nyumbani kwao miaka mingi baadaye, kwa sababu karatasi ilikuwa nene na iliziba ufa vizuri.

*

Alhamisi Mutindi alimwambia baba yake abaki, kwa chifu ataenda yeye.

"Utamwambia nini?" Mbuvi aliuliza.

"Kweli tupu. Ila nitachagua ipi ianze."

Alikwenda pamoja na mama yake, kwa sababu Alhamisi hiyo ilikuwa pia zamu ya Wendo kwenda kuulizia barua yao. Walikuwa wanawake tisa, kila mmoja na mtungi mtupu mgongoni ili wakitoka wapitie Thwake moja kwa moja. Walifika saa mbili. Wale tisa wakaketi benchi la shida. Mutindi, mwenye fomu, akaketi benchi la karatasi. Kati ya mabenchi kulikuwa hatua nne, na jua.

"Ukiingia," Ndila alimwambia kutoka kule, akikinga macho kwa mkono, "kumbuka na sisi."

"Nakumbuka, mwaitu, mama yangu. Nikimaliza langu naanza lenu."

"Mwambie miezi kumi na minne," Mbinya alisema. "Na mwambie mimba ya Kalondu ilitoka huko njiani na mtungi. Hiyo usisahau."

"Sisahau."

Na hakika hakusahau. Alikuwa amejizoeza hotuba hiyo tangu kidato cha tatu. Alijua familia ni ngapi, umbali ni gani, mpini ni bei gani. Saa tano na nusu askari alimwita.

Miguu ilikuwa juu ya meza. Mbele ya miguu palikuwa na chupa ya chai, na chini ya chupa palikuwa na karatasi zilizolowana na kukauka mara nyingi, zina duara za kahawia moja juu ya nyingine. Mutindi aliutambua mwandiko kabla hajatambua karatasi. Ulikuwa wake. Kurasa tatu zote.

"Wewe ndiye wa Mbuvi," chifu alisema. "Wa kofia."

"Ndiyo, Bwana Chifu."

"Nilimwambia baba yako. Siasa mimi sipigi mhuri."

"Baba alikosea, Bwana Chifu. Hajui Kiingereza." Akaweka barua ya Nairobi mezani, akaweka kidole chini ya neno moja. "Ona hapa kozi yangu inaitwa nini."

Chifu aliinama kidogo. Midomo yake ilitembea.

"Serikali," alisema. "Serikali gani?"

"Hii yetu."

"Inasomewa?"

"Miaka minne."

"Na mtu akimaliza?"

"Inategemea. Wengi wanaandikwa ma-D.O."

Hakuna aliyewahi kuonekana akishusha miguu kwa utaratibu mzuri kama ule. Ulishuka wa kushoto, kisha wa kulia, kisha koti likanyooshwa.

"D.O. wa wapi?"

"Popote watakapotumwa, Bwana Chifu."

"Hata hapa Tawa?"

"Mara nyingi hawatumwi kwao. Lakini mtu hawezi kujua."

Chifu aliitisha kikombe kingine. Akainua chupa, akammiminia Mutindi chai yenye maziwa mengi, akairudisha chupa pale pale juu ya karatasi. Alisema yeye na Mbuvi hawana ubaya, walibatizwa mwaka mmoja. Alisema Mulei ndiye alikuwa mbaya, lakini sasa amekuwa mzuri. Alitoa mhuri kwenye droo, akaupulizia, akagonga fomu mara mbili, ya pili kwa usalama. Kisha akachukua kalamu, akafungua kifuniko, na kalamu ikasimama juu ya mstari wa sahihi.

"Kuna jambo lingine, D.O. wangu?" aliuliza. "Lolote. Sema tu."

Ilikuwa ni saa yenyewe. Mwalimu Nzioka hangeweza kuipanga vizuri zaidi: mlango umefunguliwa, mkubwa amefurahi, kalamu iko mkononi, na barua iko sentimita chache kutoka kwenye kalamu. Mutindi aliona mstari mtupu. Akawaza, nikimwambia kuhusu maji atakumbuka kofia. Atakumbuka Mulei alivyomtukana kwa maji hayo hayo. Acha aandike jina kwanza. Nitasema akishaandika.

"Hapana, Bwana Chifu," alisema. "Ni hilo tu."

Chifu akatia sahihi ndefu yenye mkia. Akafunga kalamu, akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamsindikiza mpaka mlango wa nyuma ambako pikipiki yake ilikuwa inangoja. Alikuwa na mkutano na Mheshimiwa Mulei. Kabla Mutindi hajafungua mdomo, pikipiki ilikuwa imefika barabarani.

Askari alizunguka mbele kuwaambia watu wa shida waje Jumatatu.

*

Mutindi alipotoka, wanawake tisa walikuwa wamesimama. Mama yake aliona fomu na uso wake ukafunguka wote. Alimshika binti yake mabega, akamtikisa, akacheka. Kisha akamwangalia tena.

"Barua yetu uliiona?"

"Niliiona. Iko mezani kwake."

"Mezani wapi?"

Mutindi angeweza kudanganya. Alikuwa na kipaji, kama tulivyoona.

"Chini ya chupa ya chai."

 Mbinya ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata, kicheko kirefu kisicho na furaha yoyote.

"Basi imeandikwa kazi," Mbinya alisema. "Kurasa tatu, si mchezo."

Ndila hakucheka.

"Na wewe alikuuliza kama una jambo lingine?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

 Mutindi alisema kalamu ilikuwa bado haijaandika. Alisema alikuwa anangoja kidogo tu. Alisema maneno mengine mazuri kuhusu wakati na mlango, na kadiri alivyosema alisikia jinsi yalivyopangwa vizuri, akaacha. Machozi yalimjia, akayafuta kwa mkono usio na fomu.

"Jumatatu nitakuja na nyinyi," alisema. "Nikitoka Nairobi tu. Nitaingia niseme yote."

"Wewe umeshaingia," Ndila alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyomwambia mwingine kwamba zamu yake imepita kisimani. Akainama, akafungua mkanda wa mtungi wake mwenyewe, ule wa lita ishirini, akauweka chini mbele ya binti yake. Kisha akanyoosha mkono.

"Leta hiyo karatasi nishike. Ukibeba maji italowa."

Mutindi alimpa fomu. Akavaa mkanda kwenye paji la uso, na mtungi ukaning'inia mgongoni, mtupu bado. Wakaanza kushuka kuelekea Thwake, wanawake tisa na yeye. Mbele kabisa alitangulia mama yake, ameishika fomu kwa vidole viwili mbali na kifua ili jasho lisiifikie, akimwuliza Mbinya kama Jumatatu hawawezi kuja na karatasi yoyote, hata risiti ya duka, ili waketi kivulini.